Sinema ya Chai Tatu

Tathmini yangu ya diski ile ilichapishwa wiki mbili kabla sijaiona. Nakiri bila kujificha kwa sababu mhariri aliyenipa kazi amekwisha kunisamehe, na wasomaji wa ukurasa ule ni wachache na wana haraka zao. Niliandika kwamba picha ni safi. Kwamba wekundu wa mapambo ya Krismasi haumwagiki nje ya mistari yake kama ulivyokuwa ukimwagika kwenye diski ya sehemu ya kwanza. Kwamba watu kumi na mmoja wakizungumza kwa pamoja mezani, kila sauti inasikika peke yake. Na kwamba dakika tisa za nyongeza zilizotajwa kwenye jalada "ni za kujaza nafasi tu, mwenye haraka azipite." Yote hayo niliyatoa kwenye simu, mtandaoni, nikiwa nimeegemea dirisha la chumba changu huko Tassia, nguo za jirani zikinidondokea maji kutoka ghorofa ya juu. Mashine ya kuchezea diski sina. Katika ukoo wetu mzima imebaki moja tu, nayo iko kwa mama yangu katika mtaa wa Ziwani, chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa rangi ya maziwa.

Nilijiambia kwamba sinema ni sinema, ukiitazama kwenye simu au ukutani. Kosa hilo lingeishia kwa mhariri na mimi ningelisahau. Lakini tathmini niliyompa mhariri ndiyo hiyohiyo niliyompa Mama, na kwa mama yangu kupimiwa sinema si jambo la mchezo.

Nyumbani kwetu sinema hazikupewa nyota. Zilipewa chai.

Baba alikuwa fundi wa akala, viatu vya matairi, katika soko la Kariokor. Alikata matairi, akakata ngozi, akatoboa, akagonga, na mikono yake ilinuka gundi hata siku za kwenda kanisani. Kila Jumamosi alifunga kibanda mapema, akatembea hadi nyumbani na diski moja ya kukodi kwenye mfuko wake wa vipande vya ngozi. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, sisi watoto tulikuwa uwanjani. Baba akajifungia sebuleni na kuitazama ile sinema peke yake mwanzo hadi mwisho, penseli ya kuchorea soli sikioni. Ikifika mahali pa mtu kufa, au mtoto kupotea, au mume kufunga virago, alisoma dakika kwenye uso wa mashine na kuiandika kwenye kipande cha kadibodi alichokata kutoka boksi la viatu. Akimaliza alihesabu zile dakika, akaandika hukumu yake chini: chai moja, chai mbili, chai tatu. Kadibodi ikaingia ndani ya jalada, tayari kwa Jumapili.

Jumapili baada ya ibada tulikaa wote, Mama kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni. Dakika iliyoandikwa ilipokaribia, Baba alikohoa kidogo.

"Mama watoto, hebu tuwekee chai."

Mama aliinuka bila swali. Alipita kwenye pazia la jikoni, tukamsikia akipiga pampu ya jiko la mafuta, jiko likaanza kunguruma, na Baba akachukua rimoti akaongeza sauti ili sinema ishinde ule mngurumo. Mtu akafa pale kwenye kioo. Mama akarudi na birika, Baba akapunguza sauti, akamwambia kwa ufupi yaliyotokea: "Yule kijana ametutoka." Mama akasema, "Maskini," akamimina. Chai moja ilikuwa sinema ya ndoa kuyumba. Chai mbili, lazima kuna jeneza. Iliwahi kuja moja ya vita, ya chai tano, ambayo Mama aliona labda nusu yake, nasi watoto tukashinda tukipigania njia ya chooni.

Watoto wengine mtaani walidhani tunawatania tukiwaambia. Sisi tulidhani kila nyumba iko hivyo.

Asili yake tulielezwa na Baba, Mama akiwa hayupo. Walipokuwa wachumba, kanisa lilileta sinema ya mafundisho, ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe ukumbini. Ilikuwa habari ya mama mmoja aliyefiwa na mwanawe. Mama yangu, aliyekuwa ametoka Machakos miezi michache tu na hakuwa amewahi kuona picha zikitembea, alilia. Hakulia kidogo. Alilia hadi mchungaji akasimamisha mashine, taa zikawashwa, watu wote wakageuka kumtazama, na wazee wawili wa kanisa wakaja kumwekea mikono kichwani na kukemea. Walimwombea kama mtu aliyepagawa. Baba alituambia alimsindikiza, Mama akiwa amejifunika kitambaa usoni tangu ukumbini hadi kwa shangazi yake, na njiani hakusema ila neno moja: "Wameniona."

Nilipokuwa mdogo nilichukua somo nililolitaka kwenye kisa hicho: kwamba Mama hawezi kustahimili kifo hata cha kuigiza, kwamba moyo wake ni yai, na kwamba kazi yetu sisi wengine ni kulibeba yai hilo lisivunjike. Nikaishi na somo hilo miaka ishirini na kitu, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, mkosoaji wa sinema kwa jina.

Sehemu ya kwanza ya sinema ninayoizungumzia ilitoka Krismasi ya mwisho ya Baba, ingawa hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Ilikuwa sinema ya hapahapa kwetu, ya familia inayorudi ushago, kijijini kwao, kwa Krismasi. Watoto sita na wake na waume zao, kila mmoja na siri yake begani. Kifungua mimba amefutwa kazi na amekodi gari ili asijulikane. Binti wa pili kaleta mchumba anayeogopa kuku. Mbuzi wa sikukuu anatoroka na kukimbizwa na ukoo mzima hadi kwenye harusi ya watu wengine. Na katikati yao baba mmoja mnene, mtani, anayejifanya hasikii vizuri ili asikie yote. Tulicheka hadi dada yangu mkubwa akalala chini. Baba alikuwa amekwisha kuipima siku iliyotangulia, na kadibodi yake ninayo hadi leo: "Dakika 33. Dakika 80. Chai mbili. Nzuri sana. Ya pili ikija tuitazame wote."

Ya pili ilichelewa, na Baba hakuingoja. Aliugua Machi, tukamzika Juni.

Siku za matanga nilimkasirikia Mama, na hilo nalisema kwa sababu bado linaniuma. Watu walijaa Ziwani, kutoka Machakos na kutoka Kariokor, mafundi wenzake wa akala wakiwa wamevaa viatu vya kufunika kwa mara ya kwanza machoni petu. Walikuja kumpa mjane pole, na mjane hakuwepo kwenye kiti chake. Alikuwa jikoni. Akina mama wa kanisa walimwomba akae, wao watapika. Alikataa katakata. Alisimamia chai ya waombolezaji siku nne mfululizo, jiko likinguruma, na kila aliyetaka kumshika mkono alilazimika kupita kwenye pazia akamkuta akichuja majani. Dada yangu alininong'oneza, "Huyu mama ana moyo wa jiwe ama ni nini?" Nilimwambia anyamaze, lakini swali hilohilo lilikuwa kwenye ulimi wangu.

Baada ya hapo Mama alifunika televisheni na mashine kwa kile kitambaa, akachomoa waya ukutani. Krismasi ya kwanza bila Baba alitupigia simu mmoja mmoja. Msije, mwaka huu kila mtu akae kwake. Ya pili vilevile. Ya tatu hakupiga hata simu, alijua tumezoea. Alikwenda kanisani, akarudi, akafunga mlango. Dada yangu kule Nakuru alipika chapati zake, mimi Tassia nilinunua za hoteli, mdogo wetu kule alikoajiriwa Ughaibuni alituma picha ya sahani. Nimekaa Krismasi tatu kwenye chumba kinachotazamana na ukuta wa jirani, nikisikia familia za juu na chini zikigombana kwa furaha, na niliitamani ile sebule ya Ziwani jinsi mtu mwenye homa anavyotamani maji. Niliwatamani wote, hata mbuzi wa kwenye sinema nilimtamani. Ningeweza kwenda Ziwani kwa miguu asubuhi moja, nayo ikawa mbali kuliko Ughaibuni.

Basi mwaka huu, mwishoni mwa Novemba, Mama alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Nimesikia kanisani ile ya mbuzi imetoka ya pili."

"Imetoka, Mama."

"Imepimwa?"

Nilikaa kitako kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu. Nikamwambia bado, lakini nimepewa kazi ya kuiandikia gazetini, nitaipima.

"Kama itapimika, niletee. Nikiiona hadi mwisho, tutaongea habari ya Krismasi." Kisha akakata simu, maana mama yangu haagi kwenye simu, hajawahi.

Nilimpigia dada yangu pale pale. Akasema, "Usiiharibu. Nakuomba kwa jina la Mungu, usiiharibu." Nikaudhika, kwa sababu tangu utotoni mimi ndiye niliyevunja vikombe.

Jumamosi iliyofuata niliipima kama alivyoipima Baba: peke yangu, mchana, mlango umefungwa, kipande cha boksi la viatu mkononi. Simu ilikuwa ndogo kuliko mashine yake, lakini dakika ni dakika, nilidhani. Na ndani ya robo saa ya kwanza nikajua niko matatani. Yule mzee mnene hayumo. Hakuna aliyeeleza kwa nini mwigizaji hakurudi, labda walishindwana, lakini ndani ya hadithi amekufa, na watoto sita wanarudi ushago kwa Krismasi ya kwanza bila yeye. Bado ni sinema ya kuchekesha. Mchumba wa kuku sasa ni mume na anafuga kuku mia nne. Mbuzi yumo, mwingine, mjanja zaidi. Lakini kila kicheko kinakaa kando ya kiti kitupu.

Niliweka kadibodi yangu sawasawa. Dakika 14: kifungua mimba anapiga simu ya baba yake kwa mazoea na inalia kabatini. Dakika 43: wanafungua sanduku la nguo zake. Dakika 71, na hii ndiyo iliyonitoa jasho: mama wa pale kwenye sinema anapakua chakula cha Krismasi, anapakua sahani ya mumewe, anaiweka mbele ya kiti kitupu, na meza nzima inanyamaza. Niliandika chini: chai tatu. Nilifikiri pia kumwambia Mama kwamba haipimiki. Lakini kuipima vibaya kulikuwa na matumaini, na kukataa hakukuwa na lolote. Nikajikaza kisabuni.

Diski niliinunua kwa kijana mmoja karibu na stendi, mwenye duka ambalo zamani lilijaa sinema na sasa linauza vifuniko vya simu, diski zimesukumwa kwenye rafu moja ya chini. Nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba toleo hili lina dakika tisa ambazo hazikuonyeshwa mahali pengine.

"Hizi dakika tisa ziko wapi?" nilimuuliza.

"Ah, mzae, hizo ni bonasi tu. Ziko huko mwisho, watu wakicheka na kukosea mistari. Movie ni ile ile ya simu."

"Umeiangalia?"

"Mimi? Zii. Lakini zote huwa hivyo."

Na mimi, mtu ninayelipwa kuangalia, nikamwamini mtu ambaye hajaangalia. Jioni hiyo nikatuma tathmini kwa mhariri.

Jumapili ya pili ya Desemba nilifika Ziwani saa nane mchana. Mama alikuwa amekwisha kuondoa kitambaa na kukikunja juu ya kiti. Mashine ilikuwa imechomekwa, taa yake ya kijani ikiwaka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na kiti chake kilikuwa palepale pake, karibu na pazia. Kiti cha Baba kilikuwa palepale pake pia. Nilisita, nikakaa kwenye kochi.

"Ngapi?" aliniuliza.

"Tatu."

"Mm." Aliipokea ile kadibodi, akaitazama kwa muda, akanirudishia. "Mwandiko wako ni mbaya kuliko wake. Weka."

Zile dakika za kwanza nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama sinema. Mzee mnene hakutokea. Mama hakuuliza yuko wapi. Dakika ya kumi na nne ilipokaribia nilikohoa, na koo langu likatoa sauti ya Baba kabisa, hata mwenyewe nikashtuka.

"Mama, hebu tuwekee chai."

Akainuka. Lakini siku hizi anapikia gesi. Nilisikia kibiriti, kisha hakukuwa na kunguruma kokote, nyumba ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Nikafikiri haraka: atasikia kila kitu. Nikachukua rimoti nikapunguza sauti hadi ikawa mnong'ono. Simu ikalia kabatini bila mlio.

"Umezima?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hapana, Mama. Inaendelea."

"Mbona kimya?"

"Ni mahali pa kimya."

Alirudi na birika, nikamweleza kwa ufupi kama desturi, akasema, "Maskini," akamimina. Dakika ya arobaini na tatu ikapita vilevile, sanduku likafunguliwa na kufungwa bila yeye kuliona, na mimi nikaanza kuvimba kichwa. Nilijiona nimekuwa fundi. Nilianza hata kupanga kimoyomoyo nani atalala wapi siku ya Krismasi, watoto wa dada yangu kwenye godoro la sebuleni, mdogo wetu akipata likizo alale kwenye kochi hili hili.

Mbuzi akatoroka. Kwenye simu, mbuzi huyu alikamatwa mara moja, nyuma ya kanisa. Hapa aliingia kanisani. Akapanda jukwaa la kwaya. Akala maua. Mama alicheka hadi akashika ubavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba, na mimi nikacheka naye na sikujiuliza kwa nini simjui huyu mbuzi wa jukwaani. Nilikuwa na furaha mno hata sikuweza kuhesabu. Ndipo uso wa mashine ukasoma sabini, nami nikakohoa.

"Mama, chai."

"Ya tatu hiyo?"

"Ya mwisho."

Alikwenda. Nikapunguza sauti. Dakika ya sabini na moja ikafika, na badala ya meza ya Krismasi nikaona mchungaji wa kwenye sinema akimtoa mbuzi nje kwa pembe. Ya sabini na mbili, bado mbuzi. Ya sabini na tatu, watu wa kwaya wakikung'uta majoho. Hapo ndipo nilipoelewa. Zile dakika tisa hazikuwa mwishoni. Zilikuwa humu, katikati, mtu alikuwa amezirudisha zilikotolewa, na kadibodi yangu yote kuanzia hapa ilikuwa uongo.

"Mama!" niliita. "Tangawizi umetia?"

"Nimetia."

"Ichemke vizuri."

"Imechemka."

"Na mandazi? Hakuna mandazi?"

"Wewe umekula mandazi sita. Una nini?"

Sabini na nane. Sabini na tisa. Wakaanza kuketi mezani, mmoja mmoja, na pazia likasogea, Mama akaingia na trei. Nikanyakua rimoti nisimamishe. Nyumbani kwetu sinema haikuwahi kusimamishwa. Baba alikataza, kwa sababu ya yule mchungaji na mashine yake.

"Acha," Mama alisema. "Iache iendelee."

Alisimama na trei mikononi. Pale kwenye kioo, mama mwenzake akapakua wali, akapakua nyama, akaizungusha sahani hadi kwenye kiti kitupu, akaiweka. Meza ikanyamaza. Sauti nilikuwa nimeipunguza, kwa hiyo kimya cha kwenye sinema na kimya cha sebuleni kikawa kimoja. Nilimtazama mama yangu nikisubiri yai lipasuke. Nilikuwa tayari kuruka, kumshika, kuomba msamaha, kumpigia dada yangu na kumwambia nimeiharibu.

Mama aliweka trei mezani polepole bila kumwaga tone. Akakaa. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Hajakosea huyo," alisema. "Anajua kabisa hayupo. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima."

Sikuwa nikijua. Mwaka mzima alipakua sahani ya Baba katika nyumba hii, na mimi nilikuwa Tassia nikila chapati za hoteli na kumwita, ndani ya moyo wangu, jiwe. Nilijaribu kukohoa, nikageuza uso kuelekea dirishani kana kwamba kuna mtu anapita. Sikulia kwenye matanga ya baba yangu. Nilikuwa nikigawa viti. Na sasa, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya mama yangu, mdomo ulianza kunicheza na sikuweza kuuzuia.

Mama hakunitazama. Alikuwa ameelekeza macho kwenye televisheni, wima, kama mtu aliye kwenye picha.

"Mwambie dada yako Krismasi ni hapa," alisema. "Aje na sufuria yake kubwa, yangu imetoboka." Kisha akanyoosha mkono, akachukua rimoti magotini pangu. "Haya. Nenda katuwekee chai."

"Mama, chai iko hapa mezani."

"Kaweke nyingine."

Nikaenda. Nilipita kwenye lile pazia, nikawasha gesi, nikateka maji bila kujua ni ya vikombe vingapi. Jikoni kwa Mama ni padogo, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta, na hakuna mtu anayeweza kukuona ukiwa umeuelekea ukuta wa jiko. Niliweka paji la uso kwenye kabati la vyombo. Machozi yalikuja, mengi, yale ya Juni na ya Krismasi tatu.

Na nikiwa pale nikasikia sauti ya sinema inaongezeka. Ilipanda taratibu, kipimo baada ya kipimo, jinsi Baba alivyokuwa akiipandisha, ingawa gesi haingurumi na sebuleni hapakuwa na mwingine ila yeye, aliyeketi hatua tatu kutoka kwenye televisheni. Nikasikia mtoto wa mwisho wa ile familia akivuta kiti, akisema baba asingependa chakula kipoe, akianza kula kutoka ile sahani. Nikasikia kijiko chake. Kutoka jikoni kila kitu kilisikika, kila neno, na ndipo nilipojua kwamba Baba hakuwa akituongezea sauti sisi. Sinema zile zote Mama alizisikia hadi mwisho, amesimama hapa nilipokuwa nimesimama mimi, na hakuna aliyemwona.

Maji yalichemka. Nilisikia Mama akiongeza sauti mara moja zaidi.